Daftari la Mashine: Historia ya Kupokea na Kutunza Tahadhari za Vifaa vya Mtandao

Kila ruta, swichi na seva iliyounganishwa na mtandao wa kompyuta hutoa taarifa fupi fupi kuhusu hali yake: waya umekatika, feni imesimama, mtu amekosea nenosiri, umeme umerudi na kifaa kimeanza kazi upya. Taarifa hizo, ambazo hapa zitaitwa tahadhari hata pale zinapobeba habari njema, hutumwa kwa seva iliyotengwa kwa kazi hiyo, nayo huziandika moja baada ya nyingine katika faili liitwalo logi, yaani daftari la matukio linaloongezwa mstari kila jambo linapotokea. Tangu miaka ya 1980 kazi hii imetawaliwa na njia mbili. Ya kwanza ni syslog, ambayo ilizaliwa ndani ya programu ya barua pepe bila ya mtu yeyote kukusudia iwe kanuni ya dunia nzima. Ya pili ni trapu za SNMP, yaani jumbe za tahadhari za itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao, zilizobuniwa na wahandisi waliojua wanatunga kanuni na waliobishana sana kuhusu ukomo wake. Kasoro zinazolalamikiwa hadi leo katika njia zote mbili, kama vile ujumbe kupotea bila mtu kujua, tarehe isiyo na mwaka na mtumaji asiyethibitishwa, hazikutokana na uzembe peke yake. Zilitokana kwanza na uamuzi, uliotamkwa wazi katika SNMP na kufuatwa kimyakimya katika syslog, kwamba kifaa kisilemewe na kazi ya kujieleza hata kikashindwa kazi yake halisi ya kupitisha data.

Desturi ya mashine kujiripoti ilikuwako kabla ya mitandao ya kompyuta. Katika vituo vya simu vya Marekani, mitambo ya kuunganisha simu iliyojulikana kama crossbar namba 5, iliyoanza kutumika mwaka 1948, ilikuwa na kinasa hitilafu ambacho kilitoboa kadi kila mtambo uliposhindwa kukamilisha hatua ya kuunganisha simu, na matundu ya kadi hiyo yalionyesha hali ya mtambo wakati kosa lilipotokea, ili fundi aje kuisoma baadaye. Kadi hiyo ilikuwa tayari na sifa za logi: iliandikwa bila mkono wa mtu, iliandikwa papo hapo, na ilimsubiri msomaji ambaye hakuwapo tukio lilipotokea. Kilichokosekana ni umbali, kwa kuwa kinasa kilikaa jengo moja na mtambo uliokuwa ukichunguzwa.

Umbali uliingia na ARPANET, mtandao uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambao vituo vyake vinne vya kwanza, vitatu katika jimbo la California na kimoja Utah, viliunganishwa kabla ya mwaka 1969 kwisha. Katika kila kituo palikuwa na IMP, kompyuta ndogo ya kampuni ya Honeywell iliyofanya kazi ambayo leo hufanywa na ruta, na programu zake ziliandikwa na kampuni ya BBN ya Cambridge, Massachusetts. Mapema mwaka 1970 BBN nayo ilipata IMP yake, ya tano katika mtandao, na kuanzia hapo mashine zilizokuwa upande wa pili wa bara ziliweza kutuma ripoti za hali zao hadi Cambridge kupitia mtandao uleule zilioupitishia data. Ripoti zilichapwa kwa teletaipu, mashine ya kuchapa inayoendeshwa kutoka mbali, na kutokana na chumba hicho kikakua Kituo cha Udhibiti wa Mtandao, ambacho baadaye mwaka huohuo kiliwekwa chini ya Alex McKenzie. Usimamizi huo ulizaa matunda haraka kiasi cha kushangaza: mafundi wa BBN waliweza kuipigia kampuni ya simu na kuieleza kwamba laini yake fulani, iliyo maelfu ya kilomita kutoka Cambridge, ina hitilafu, kabla kampuni yenyewe haijagundua.

Jambo moja katika utaratibu wa BBN linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu vizazi vilivyofuata vililisahau na kulikumbuka tena mara kadhaa. IMP haikungoja iharibike ndipo ipige kelele. Ilituma ripoti kwa vipindi maalumu, iwe nzima au ina hitilafu, na kwa hiyo ukimya wake nao ulikuwa ni habari. Mashine iliyozimika ghafla haiwezi kutangaza kwamba imezimika. Utaratibu unaotegemea tahadhari za dharura pekee humwacha msimamizi bila njia ya kutofautisha kati ya kifaa kisicho na tatizo na kifaa kilichokufa, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuja kuzua mjadala wa SNMP miaka karibu 20 baadaye.

Syslog haikutoka katika mjadala wowote. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Eric Allman alikuwa akiandika Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe kati ya mitandao iliyokuwa na anwani za mitindo tofauti na isiyoelewana vizuri. Programu ya namna hiyo hufanya kazi chinichini, haina skrini wala mtu aliyeketi mbele yake, na barua inapopotea hakuna wa kuulizwa ila programu yenyewe. Kwa hiyo Allman aliitengenezea sehemu ya pembeni ya kupokea maelezo mafupi na kuyaandika katika faili. Sehemu hiyo ilikuwa na manufaa mapana kuliko barua pepe. Amri zake za kuandikia logi ziliingia katika 4.2BSD, toleo la mfumo wa Unix wa Berkeley la mwaka 1983, na programu ya kupokea, syslogd, ikatambulishwa katika 4.3BSD mwaka 1986. Kutoka hapo ilinakiliwa na watengenezaji wa Unix za kibiashara, kisha na watengenezaji wa ruta, swichi, printa na vifaa vya kulinda mtandao, kila mmoja akiitazama kazi ya mwenzake na kuiga alichokiona.

Muundo wa ujumbe wa syslog bado umebeba alama za mahali ulikozaliwa. Mwanzoni mwa kila ujumbe pana namba iliyozungushiwa alama mbili za pembe, na namba hiyo hukusanya mambo mawili: idara, yaani sehemu ya mfumo iliyotoa taarifa, na uzito, yaani ukubwa wa jambo lenyewe. Uzito una ngazi nane, kuanzia 0, ambayo ni hali ya hatari inayofanya mfumo usitumike, kushuka hadi 7, ambayo ni maelezo ya kumsaidia mwandishi wa programu kutafuta kosa. Idara ni 24, na orodha yake inasomeka kama picha ya chumba cha kompyuta cha chuo kikuu miaka ya 1980: 0 ni kiini cha mfumo wa uendeshaji, 2 ni barua pepe, 6 ni printa, 7 ni habari za Usenet, 8 ni UUCP, njia ya kurushiana mafaili kwa simu ambayo wahandisi wengi wa leo hawajawahi kuiona ikifanya kazi. Ruta haimo. Waliotunga orodha hawakuwa na sababu ya kuiweka, ila waliacha nafasi nane mwishoni, namba 16 hadi 23, kwa matumizi ya kila mahali kadiri ya mahitaji yake, na ni katika nafasi hizo za akiba ambamo vifaa vya mtandao vilijipatia makao. Ruta za Cisco, zisipoelekezwa vingine, hujitambulisha kwa idara 23.

Hesabu ya namba hiyo ya mwanzo ni rahisi: idara huzidishwa kwa 8, kisha uzito huongezwa. Waya wa ruta ya Cisco unapochomoka, ujumbe mmoja hutoka ukiwa na maandishi %LINK-3-UPDOWN, ambamo 3 ni uzito wa kosa, na kwa kuwa 23 mara 8 ni 184, seva hupokea mstari unaoanza na <187>. Punde hufuata mwingine, %LINEPROTO-5-UPDOWN, unaoeleza kwamba itifaki iliyokuwa juu ya waya huo nayo imekatika, lakini huu una uzito 5, wa jambo la kuzingatiwa tu, na huanza na <189>. Tukio ni moja, mistari ni miwili, na uzito unatofautiana. Seva iliyopangwa kuhifadhi makosa pekee, yaani ngazi ya 3 na zile zilizo kali kuliko hiyo, itaandika mstari wa kwanza na kuutupa wa pili. Iwapo waya ni mzima ila itifaki imekatika kwa sababu ya kifaa cha upande wa pili, mstari wa kwanza hautoki kabisa, na seva hiyohiyo haitaandika chochote. Namba ya uzito ni maoni ya mtu aliyeandika programu ya kifaa, na msimamizi anayeichukulia kuwa ni kipimo atadanganyika siku atakapoihitaji zaidi.

Kwa kusafirisha ujumbe, syslog ilitumia UDP, itifaki ya intaneti inayorusha pakiti bila kwanza kuzungumza na mpokeaji na bila kusubiri jibu. Ni mbiu ya mgambo, ambayo hupigwa pasipo mpigaji kuhesabu masikio yaliyoisikia. Ujumbe ulipotea ikiwa laini imesongamana, ulipotea ikiwa seva imezimwa, na kila ulipopotea si kifaa wala seva iliyojua. Hata hivyo uteuzi huo ulikuwa na mantiki yake, kwani kifaa kinacholazimika kupata jibu kabla ya kuendelea huweza kusimama kwa sababu tu seva ya logi imesimama, na hakuna chuo wala kampuni ambayo ingekubali barua zake zikwame kwa ajili ya daftari. Lango la syslog upande wa UDP, yaani namba inayotambulisha huduma inayopokea pakiti, lilikuwa 514. Namba hiyohiyo, upande wa TCP, ambayo ni itifaki inayothibitisha upokeaji, ilikuwa imekwisha kupewa huduma ya kuendesha amri kutoka mbali, na mgongano huo mdogo wa namba ulikuja kuwasumbua watu miaka mingi baadaye.

Kwa nini tahadhari ziandikwe kwenye seva nyingine na zisibaki ndani ya kifaa? Sababu ya kwanza ni ufinyu: ruta ya miaka ya 1980 haikuwa na diski, na ilipozimika ilisahau kila kitu. Sababu ya pili ilidhihirika mlimani juu ya Berkeley kwenyewe. Mwezi Agosti 1986, Clifford Stoll, mwanafalaki aliyekuwa akisimamia kompyuta katika Maabara ya Lawrence Berkeley, alipewa kazi ya kutafuta kwa nini hesabu za matumizi ya kompyuta zilipishana kwa senti 75, na upotevu huo ukamfikisha kwa mdukuzi aliyekuwa Ujerumani Magharibi akipekua kompyuta za jeshi la Marekani. Stoll alitambua kwamba mtu aliyekwisha kupata mamlaka ya msimamizi anaweza kufuta daftari la kompyuta aliyoingia. Kwa hiyo aliunganisha printa kwenye laini zenyewe, nje ya kompyuta, ili kila herufi aliyoandika mgeni huyo ichapwe kwenye karatasi ambayo mgeni hakuweza kuiona wala kuigusa. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1988 na kitabu chake kikafuata mwaka 1989, na kanuni iliyomo ikawa ya kawaida katika kazi ya usalama: shahidi asikae katika nyumba ya mtuhumiwa. Seva ya logi iliyofungwa milango yote isipokuwa ule wa kupokelea ni mrithi wa karatasi za Stoll.

Wakati huo mitandao ya vyuo ilikuwa ikiungana kwa kasi, na vifaa vilivyokuwa hoi kwa usimamizi vilikuwa ni ruta, ambazo enzi hizo ziliitwa malango, jina lisilohusiana na lango la namba kama 514. Mwezi Novemba 1987 James Davin wa kampuni ya Proteon, Jeffrey Case wa Chuo Kikuu cha Tennessee kilichopo Knoxville, Mark Fedor wa Cornell na Martin Schoffstall wa Rensselaer walichapisha SGMP, itifaki sahili ya kuyachunguza malango hayo. Haikuwa peke yake. Palikuwa na HEMS, iliyoandaliwa kitaalamu zaidi, na palikuwa na CMIP, itifaki ya mashirika ya viwango ya kimataifa ambayo serikali nyingi na kampuni za simu zilitarajia ingetawala. Mapema mwaka 1988 bodi iliyosimamia maendeleo ya intaneti iliitisha mapitio, na uamuzi wake, ulioandikwa na Vint Cerf mwezi Aprili, ulikuwa wa kisiasa kama ulivyokuwa wa kiufundi: watunzi wa HEMS walijiondoa, SGMP iliyopanuliwa ikakubaliwa kwa muda mfupi, na CMIP ikawekewa nafasi ya muda mrefu. Iliyopanuliwa ndiyo SNMP, ambayo maelezo yake yalitoka Agosti 1988. Muda mfupi haukuisha. Mwaka uliofuata bodi ililegeza mpango wa kuzifungamanisha njia hizo mbili, na CMIP ikabaki zaidi katika mitambo ya kampuni za simu huku SNMP ikienea kila mahali palipo na waya wa mtandao.

SNMP ilisimama juu ya kuuliza. Seva ya usimamizi huiendea kila ruta kwa zamu, ikaiuliza pakiti ngapi zimepita, makosa mangapi yametokea, kiolesura kipi kimezimika, na ruta hujibu kupitia lango 161. Trapu, yaani ujumbe ambao kifaa huutuma chenyewe bila kuulizwa kwenda lango 162 la seva, iliruhusiwa kama nyongeza, nayo iliwekewa mipaka kwa makusudi. Toleo la kwanza liliainisha trapu za jumla sita tu: kifaa kimeanza upya na huenda mipangilio yake imebadilika, kimeanza upya bila badiliko, kiolesura kimezimika, kiolesura kimerudi, mtu amejaribu kuuliza bila idhini, na ruta jirani haipatikani; ya saba ilikuwa mlango wa kila kampuni kuongeza za kwake. Falsafa iliyokusudiwa ni kwamba trapu imshtue msimamizi na kumwelekeza pa kuuliza, kisha maelezo yenyewe yapatikane kwa kuuliza. Marshall Rose alipochapisha mwaka 1991 utaratibu wa kuandika maelezo ya trapu, alitahadharisha mwanzoni mwa hati kwamba matumizi ya trapu ndani ya mfumo wa usimamizi wa mtandao yana ubishi, na kwamba hati inatolewa kwa taarifa tu. Si mara nyingi kanuni ya kiufundi huanza kwa kukiri kwamba wenyewe hawajakubaliana.

Ubishi ulikuwa na msingi. Trapu nayo ilisafiri kwa UDP, na trapu ya kiolesura kuzimika mara nyingi ililazimika kupita katika kiolesura kilekile kilichozimika. Isitoshe, kebo moja kubwa ikikatika, mamia ya vifaa hupiga kelele kwa wakati mmoja, na laini chache zilizobaki hujazwa na tahadhari wakati ambapo data ya watumiaji inatafuta njia. Waliotetea kuuliza walisema seva ndiyo yenye nafasi ya kupanga mwendo. Waliotetea trapu walijibu kwamba mtandao wa vifaa elfu kumi hauwezi kuulizwa kwa zamu bila zamu kuwa ndefu mno. Wote walikuwa sahihi, na mitandao mingi ilimaliza ubishi kwa kutumia yote mawili. Toleo la pili la SNMP, la mwaka 1993, lilileta ujumbe ambao seva huujibu na kifaa huurudia kisipopata jibu, lakini toleo hilo lilizama katika ugomvi kuhusu usalama, na kilichosalimika mwaka 1996 ni umbo lililohifadhi maboresho likarudi kwenye nenosiri la wazi la zamani, ambalo vifaa vingi vilitoka nalo kiwandani likiwa ni neno moja linalojulikana na kila mtu. Usalama wa kweli ulikuja na toleo la tatu, lililofikishwa ngazi ya kiwango kamili Desemba 2002.

Ndani ya trapu ya toleo la kwanza hamna tarehe. Kifaa hutaja muda uliopita tangu kilipowashwa, kwa vipande ambavyo kila kimoja ni sehemu moja ya mia ya sekunde, katika namba ya biti 32 ambayo hujaa na kurudi sifuri baada ya siku 497 hivi, na ni seva inayopokea ndiyo hugonga muhuri wa saa. Jina la tukio nalo huja kama mfululizo wa namba: 1.3.6.1.6.3.1.1.5.3 katika toleo la pili ni kiolesura kuzimika, na kila kampuni ina tawi lake chini ya 1.3.6.1.4.1, ambapo Cisco ni 9. Seva isiyopewa faili la tafsiri la kampuni husika huandika namba hizo kama zilivyo, na wasimamizi wengi wamewahi kukuta daftari lililojaa tahadhari zilizopokelewa kwa ukamilifu na zisizosomeka hata moja. Programu iliyotumika sana kwa upokeaji huu, snmptrapd, ina asili ya kichuo kama syslog: ilikua kutokana na kazi ya Carnegie Mellon, ikahamia Chuo Kikuu cha California, Davis, mikononi mwa Wes Hardaker, na mwaka 2000 mradi ukaitwa Net-SNMP. Kwa miaka mingi iliandika chochote kilichofika langoni. Kuanzia toleo la 5.3 ilikataa kushughulikia trapu yoyote mpaka msimamizi aeleze ni ya nani na ifanyiwe nini, na badiliko hilo la busara liliwaacha wasimamizi wengi wakijiuliza kwa nini daftari lao limekauka baada ya kusasisha programu.

Busara hiyo ilikuwa na msingi. Tarehe 12 Februari 2002 kituo cha CERT cha Marekani kilitoa onyo lililotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, ambako watafiti walitengeneza maelfu ya jumbe za SNMP zilizoharibiwa kwa makusudi, wakazirusha kwa vifaa na seva za kampuni nyingi, na kuona nyingi zikianguka. Sehemu moja nzima ya onyo hilo ilihusu upokeaji wa trapu. Seva iliyowekwa kusikiliza matatizo ya wengine iligeuka kuwa mlango wa kuingilia, kwa sababu ilikubali kusoma barua ya mtu yeyote kabla ya kuuliza ni ya nani.

Syslog, kwa upande wake, iliishi miaka 18 tangu 4.2BSD bila hati yoyote ya kuieleza. Hati ya kwanza, RFC 3164, moja katika mfululizo wa hati za kiufundi za intaneti ziitwazo RFC, iliandikwa na Chris Lonvick wa Cisco mwezi Agosti 2001, na haikuthubutu kuamuru. Ilieleza tu kilichoonekana kikitumika. Kwa kuwa vifaa vilikuwa vimeiga bila maandishi, tofauti zilikuwa nyingi kiasi kwamba hati ilibidi iseme pakiti yoyote ifikayo lango 514 la UDP ihesabiwe kuwa ujumbe wa syslog, hata ikiwa haina namba ya mwanzo, na ikibidi kupelekwa mbele ipachikwe <13>, yaani jambo la kuzingatiwa kutoka kwa mtumiaji wa kawaida. Urefu ulikomea baiti 1024. Saa iliandikwa kwa mwezi, siku na saa, bila mwaka na bila kutaja ukanda wa majira.

Kasoro hiyo ya mwisho haikuonekana kubwa Berkeley, ambako mashine zote zilikuwa chumba kimoja. Kwa kampuni yenye vifaa Nairobi na seva London ilikuwa balaa. Tukio la tarehe 23 Julai saa 06:15 za Nairobi ni 03:15 kwa saa za kimataifa za UTC na 04:15 kwa London, ambayo mwezi Julai huwa katika majira ya kiangazi na mwezi Januari haimo, na mstari ulioandikwa mtindo wa zamani hauonyeshi ni saa ipi kati ya hizo. Afrika Mashariki ina nafuu kwamba saa zake hazibadiliki mwaka mzima, zikiwa mbele ya UTC kwa saa tatu, ingawa mhandisi anayemweleza mwenzake kwa simu kwamba laini ilikatika saa kumi na mbili na robo asubuhi hulazimika kufanya hesabu mara ya pili. Ndiyo maana utunzaji wa logi haukutengana na NTP, itifaki ya kulinganisha saa za kompyuta iliyoandikwa na David Mills na kuchapishwa mwaka 1985: daftari la vifaa mia ambavyo saa zao hazilingani haliwezi kueleza kipi kilianza kuharibika.

Marekebisho yalifanywa kwanza na waandishi wa programu, sio na kamati ya viwango vya intaneti. Mwaka 1998 Balázs Scheidler wa Hungaria alianza syslog-ng, iliyochuja ujumbe kwa jina la kifaa na maneno yaliyomo na kuusafirisha kwa TCP. Mwaka 2004 Rainer Gerhards wa Ujerumani alianza rsyslog, ambayo baadaye ikawa programu ya kawaida ya usambazaji mwingi wa Linux. Kabla yao, mtunzaji wa seva alikuwa na uamuzi mmoja mgumu uliojificha katika kistari kidogo. Programu ya Linux ya wakati huo ilihakikisha kila mstari umefika kwenye diski kabla ya kuandika unaofuata, ili umeme ukikatika mstari wa mwisho usipotee. Ikiwa jina la faili lilitanguliwa na alama ya -, uhakika huo uliachwa kwa ajili ya kasi. Faili la barua pepe, kazi ambayo ndiyo iliyoizaa syslog, kwa kawaida liliwekewa kistari. Uamuzi mwingine wa aina hiyo ulifanywa bila kuulizwa: syslogd ya BSD ilipopokea mstari uleule mara nyingi iliuandika mara moja, kisha ikaongeza kwamba umerudiwa mara kadhaa, ikiokoa diski na kupoteza saa halisi ya kila marudio.

Sheria na masharti ya biashara viliigeuza kazi hii kutoka hiari kuwa wajibu. Viwango vya PCI DSS vya kampuni za kadi za malipo, vilivyoanza mwaka 2004, vilitaka kumbukumbu za matukio zitunzwe angalau mwaka mmoja na za miezi mitatu ya karibuni ziweze kusomwa mara moja, na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2006 ukaifanya taaluma yenye sura na majukumu. Daftari lililokuwa la fundi likawa la mkaguzi, na mkaguzi huuliza maswali ambayo UDP haiwezi kuyajibu: ni nini kilichopotea, na nani anathibitisha kwamba mstari huu ulitoka kwenye kifaa kilichotajwa?

Jibu la kamati lilitoka Machi 2009. RFC 5424, iliyoandikwa na Gerhards, iliupa ujumbe namba ya toleo, tarehe kamili yenye mwaka na tofauti ya majira, kwa mfano 2009-07-23T06:15:00+03:00, na sehemu ya taarifa zilizopangwa kwa majina na thamani. Hati iliyoandamana nayo ilileta usafirishaji uliofichwa kwa usimbaji kupitia lango 6514. Ili kampuni mbili zisigombee jina moja katika sehemu hiyo ya taarifa zilizopangwa, watunzi waliazima namba za kampuni kutoka mti wa SNMP, zilezile zilizo chini ya 1.3.6.1.4.1, na Oktoba ya mwaka huohuo hati nyingine ilieleza jinsi ya kuandika trapu kama ujumbe wa syslog. Wapokeaji wa trapu walikuwa wakifanya hivyo kwa njia zao wenyewe miaka mingi kabla ya hapo.

Ilibaki TCP ya kawaida, isiyofichwa, ambayo programu nyingi zilikuwa zikiitumia bila kanuni, baadhi kwenye lango 514 lililokwisha kupewa huduma nyingine, zikitofautiana hata katika namna ya kuonyesha ujumbe unaishia wapi: zipo zilizotanguliza hesabu ya baiti, na zipo zilizoweka alama ya mstari mpya mwishoni. Gerhards na Lonvick waliyaeleza matumizi hayo mwezi Aprili 2012 katika RFC 6587, na kwa kuwa kamati haikutaka kuyahimiza, hati ilichapishwa ikiwa tayari imewekwa katika daraja la mambo ya kihistoria. Vifaa vinaendelea kuitumia.